Waya Mmoja kwa Fundi Mitambo

Katika bendi ya dansi yenye magitaa matatu na besi, sauti ya mpigaji mmoja haipimwi peke yake. Solo lina nafasi yake juu, ridhimu linashikilia wimbo, gitaa la kati, ambalo wenzetu wa Kongo huliita mi-solo, linajaza mianya ya hayo mawili, na besi linatembea chini ya wote. Mmoja akija na sauti nene kupita kiasi, wenzake hawasikiki hata wapige vizuri namna gani. Mimi nimepiga gitaa la kati kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya muziki, Dar es Salaam na kwenye ziara za mikoani, na ninayoyajua kuhusu kuchagua mashine ya efekti nimeyajulia hapo katikati. Kwa hiyo yanamfaa zaidi anayepiga na watu kuliko anayepiga peke yake chumbani, ingawa wa chumbani naye iko siku ataitwa jukwaani.

Ninazungumzia ile mashine ya kukanyaga, yenye efekti nyingi katika sanduku moja: korasi, dilei, riveba, kompresa, distosheni. Juu ya hayo inaiga amplifaya. Unachomeka gitaa upande mmoja, na upande wa pili sauti inatoka kana kwamba imepita kwenye Fender, Vox au Marshall, ikatoka kwenye spika zake na kunaswa na maikrofoni. Zamani kidogo kitu cha namna hii kilikuwa cha studio za wenye uwezo. Siku hizi unakikuta Kariakoo, na vijana wa kwaya wanakiagiza Dubai kwa simu.

Nililelewa kwenye amplifaya. Katika bendi niliyokulia, kitu kilichoheshimiwa kuliko vyote jukwaani kilikuwa Roland JC-120, amplifaya ya Kijapani iliyoingia sokoni mwaka 1975, yenye spika mbili za inchi 12, kila moja na wati zake 60, na uzito wa karibu kilo 28. Wazee waliipenda kwa kuwa ukiipandisha haikoromi, sauti inabaki safi mpaka mwisho, na waliipenda zaidi kwa korasi yake. Siri ya korasi hiyo ni kwamba haichanganywi ndani ya mashine. Spika moja inatoa sauti kavu, ya pili inatoa sauti ileile ikiwa imecheleweshwa na kuyumbishwa kidogo, na mchanganyiko unafanyika hewani, kati ya spika na sikio la msikilizaji. Ukisimama mbele yake unahisi gitaa moja limekuwa pana bila kuwa zito. Wasikilize Diblo Dibala, Dally Kimoko au Rigo Star kwenye rekodi walizofanya Paris miaka ya 1980: ndiyo aina ya sauti tuliyokuwa tukiitafuta, safi, yenye kung'aa, kila nukta ya sebene, ile sehemu ya wimbo ya kucheza, ikisikika mwanzo na mwisho wake.

Amplifaya hizo ziliondoka mikononi mwetu polepole. Chumvi ya pwani ilikula viunganishi, barabara za ziara zililegeza spika, na kila fundi aliyezifungua alibakiza skrubu zake. Kumbi nazo zikabadilika. Mwenye ukumbi akawa na vyombo vyake, spika kubwa na mikisa, na mwandaaji akataka bendi ya pili ianze dakika chache baada ya ya kwanza kushuka. Mpiga gitaa akawa anapewa waya, anaambiwa: chomeka. Hapo ndipo mashine za kuiga amplifaya zilipotukuta, na kwa kweli zilitukuta tukizihitaji.

Wazo lenyewe si la jana. Tom Scholz wa bendi ya Boston alitoa Rockman mwaka 1982, kisanduku cha kuvaa kiunoni kilichompa mpiga gitaa sauti ya amplifaya kubwa masikioni. Mwaka 1989 Andrew Barta wa New York akatoa SansAmp, pedali iliyoiga amplifaya kwa saketi za kawaida bila kompyuta. Roland wakaja na VG-8 mwaka 1995, na mwaka 1998 Line 6 ya California ikatoa POD, ile nyekundu yenye umbo la harage, ambayo iliwafanya wapigaji wengi duniani waamini kwamba wanaweza kurekodi bila amplifaya chumbani. Yaliyofuata ni mwendelezo: Axe-Fx ya Fractal mwaka 2006, Kemper ya Ujerumani miaka michache baadaye, Helix ya Line 6 mwaka 2015, Quad Cortex ya Neural DSP kutoka Helsinki mwaka 2021. Upande wa bei ya chini wamekuwapo Zoom na Boss kwa muda mrefu, na Wachina wa Mooer, NUX, Valeton na Hotone wameingia kwa nguvu.

Ukisimama mbele ya kabati la duka lenye majina hayo, jambo la kwanza linalokuvuta ni idadi. Boksi linakuambia lina amplifaya mia na ushee, efekti mamia, nafasi za kuhifadhi sauti mamia. Idadi hiyo si uongo, lakini haimsaidii mpiga dansi. Sijawahi kukutana na mwenzetu anayetumia zaidi ya amplifaya nne katika onyesho la usiku mzima, na wengi hutumia moja. Tunachohitaji ni amplifaya safi moja iliyoigwa kwa uangalifu, ambayo ukigusa waya kwa upole inanong'ona na ukicharaza inajibu kwa ukali kidogo bila kupasuka. Hiyo moja ikiwa mbovu, nyingine tisini na tisa hazikuokoi. Majina nayo yasikutishe: kwa sababu ya haki za alama za biashara, watengenezaji huzipa amplifaya majina yao wenyewe. Kwenye Helix, Vox AC30 inaitwa Essex A30, na JC-120 inaitwa Jazz Rivet 120. Kitabu cha maelekezo kinafunua yote, kisome kabla ya kununua.

Mimi nauanza uchaguzi kutoka upande wa pili kabisa, kule waya unakoishia. Nilijifunza hivyo katika ukumbi wa harusi, na aliyenifundisha ni fundi mitambo kijana, mwenye subira.

Nilikuwa nimejitengenezea sauti ya JC-120 yenye korasi pana kwenye mashine ya kuazima. Nyumbani, kwenye hedifoni, ilikuwa imefanana na ile ya zamani hata nikakumbuka harufu ya jukwaa. Ukumbini tulipofanya majaribio, korasi haikuwepo. Gitaa lilikuwa kavu kama halijapita popote. Nikamuuliza, "Fundi, korasi yangu imekwenda wapi?" Akanijibu, "Kaka, mimi hapa nina waya wako mmoja tu, wa kushoto. Korasi yako iko kulia, na kulia hakufiki kwa watu."

Ndivyo ilivyokuwa. Mashine ilikuwa imeiga JC-120 kwa uaminifu kamili, sauti kavu upande mmoja na iliyoyumbishwa upande mwingine, ikitegemea hewa ya kuzichanganya. Ukumbi ule, kama kumbi nyingi zetu, ulipeleka sauti ileile kwenye spika zote, na mikisa ilikuwa na nafasi moja tu kwa kila gitaa. Fundi akanisaidia kutafuta kwenye menyu mahali pa kuifanya korasi ichanganywe ndani kabla ya kutoka. Haikuwa pana kama ile ya hewani, lakini ilisikika hadi meza za nyuma.

Tangu siku hiyo swali langu la kwanza kwa mashine yoyote ni hili: ikitoa sauti kwa waya mmoja, inabaki na nini? Nachomeka tundu la mono peke yake na kusikiliza kila efekti ninayoitegemea. Dilei inayoruka kutoka kushoto kwenda kulia hupoteza nusu ya mapigo yake. Riveba nyingine hufifia. Korasi nyingine hugeuka ikawa kama mtu anayeimba ndani ya bomba. Mashine inayopita mtihani huu dukani ina nafasi ya kuishi kwenye kumbi zetu, na isiyopita nairudisha kabatini hata ikiwa na skrini nzuri.

Swali la pili ni kabati la spika. Spika ya gitaa ya inchi 12 haipitishi kila kitu, kwani juu ya kama hezi 5,000 inaanguka kwa kasi. Huko kuanguka ndiko kunakofanya gitaa la umeme lipendeze. Ukipeleka sauti ya amplifaya iliyoigwa kwenye spika za ukumbi, zinazopitisha hadi karibu hezi 20,000, bila kuiga kabati lake, utasikia mkwaruzo unaochoma masikio. Ukifanya kinyume, yaani ukaiacha mashine iige kabati halafu ukaichomeka kwenye amplifaya halisi yenye spika zake, sauti inapita kwenye makabati mawili na kutoka ikiwa imefunikwa. Mpigaji anayetarajia kutumia njia zote mbili, leo ukumbi wenye vyombo na kesho hoteli yenye amplifaya yake, ahakikishe mashine inamruhusu kuzima na kuwasha kabati kwa haraka, na ikiwezekana kwa kila tundu kivyake. Helix na wenzake wakubwa hufanya hivyo, na nyingi za bei ya kati pia siku hizi. Ukikuta amplifaya ina tundu la riteni nyuma yake, pitia hapo badala ya tundu la mbele, ili upite moja kwa moja kwenye nguvu yake bila kupakwa rangi mara ya pili.

Siku hizi mashine nyingi zinakuruhusu pia kupakia faili za makabati yaliyonaswa na watu wengine. Kwa maoni yangu hiki kina faida kubwa kuliko kuongezewa amplifaya hamsini. Badilisha kabati tu, amplifaya ikiwa ileile, na gitaa la kati linaweza kutoka kwenye njia ya solo bila kugusa kitu kingine.

Mzee aliyekuwa kiongozi wetu, mpiga solo wa kizazi kilichorekodi Radio Tanzania, alikuwa na kauli moja kila nilipokuja na sauti mpya: "Nikusikie wewe, nimsikie na mwenzako." Aliisema kwa upole, lakini alikuwa akipima jambo gumu. Tulikuwa tukisikiliza pamoja kanda za Mlimani Park Orchestra, bendi iliyoanza mwaka 1978, na alikuwa akinionyesha jinsi magitaa ya akina Abel Balthazar na Joseph Mulenga yalivyopishana. Kila moja lilikuwa jembamba ukilisikiliza peke yake. Kwa pamoja yalijaa. Hapo nikaelewa kwa nini sauti za kiwandani, zile mashine inazokuja nazo, hazitufai: zimetengenezwa kumvutia mtu aliye peke yake na hedifoni, kwa hiyo zimejazwa besi, riveba na upana. Ukiingia nazo kwenye bendi unakalia viti vya watu wanne.

Kuna pia sababu ya kisayansi. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson, watafiti wa Bell Labs huko Marekani, walionyesha kwamba sikio halisikii masafa yote sawasawa, na kwamba tofauti hiyo hubadilika sauti inapopanda. Kwa sauti ndogo, besi na sauti za juu sana zinaonekana kupungua. Kwa sauti kubwa zinarudi. Mtu akitengeneza sauti yake usiku, watoto wamelala, anaongeza besi na ukali mpaka aridhike, na kesho yake jukwaani besi inaguguma na ukali unakata. Ndiyo maana sauti za onyesho nazitengeneza mazoezini, dramu zikipigwa, kwa ukubwa uleule wa ukumbini. Nakata besi chini ya hezi 100 au 120, kwa kuwa huko ni kwa mwenye besi, na napunguza juu mpaka nisikike bila kuchoma. Mashine itakayokuwezesha kufanya marekebisho haya kwa vitufe vya kuzungusha, bila kuingia kwenye menyu ndani ya menyu, itakupa amani kubwa. Boss ME-80 imependwa kwa sababu hiyo hasa: vitufe vyake viko juu ya uso wake, unainama, unazungusha, unaendelea.

Usawa wa sauti kati ya preseti na preseti, yaani kati ya sauti moja uliyoihifadhi na nyingine, nauhesabu katika jambo hilohilo. Ukitoka kwenye sehemu ya kuimba kwenda kwenye sebene, sauti ikiruka ghafla, fundi mitambo atakushusha, na ukirudi kwenye kuimba hutasikika tena. Nyongeza ya desibeli 3 hadi 6 kwa kipande cha solo inatosha. Mwambie fundi mapema kwamba nyongeza hiyo ipo na ni ya makusudi. Fundi anayejua hivyo anakuwa upande wako usiku kucha.

Sasa mguu. Wimbo wa dansi una nyumba mbili: kuna kuimba, halafu kuna sebene, au chemko kama wengine wanavyoliita, na mlango kati yake ni pigo moja la dramu. Hakuna muda wa kukanyaga swichi mbili. Ninahitaji mguu mmoja ushuke mara moja na mambo matatu yabadilike pamoja: korasi iongezeke, dilei ifupike, sauti ipande kidogo. Mashine nyingi zinaweza kufanya hivyo kwa kubadilisha preseti, lakini baadhi, hasa za bei nafuu, hukata sauti kwa kitambo wakati wa kubadilisha. Kitambo hicho ukikisikia dukani ni kidogo. Ukikisikia mbele ya watu waliosimama tayari kucheza, ni shimo. Kipimo chake ni rahisi. Piga kodi, iache ilie, kanyaga. Kodi ikikatika, uliza kama mashine ina njia ya kubadilisha efekti kadhaa ndani ya preseti moja, kama zile Line 6 wanazoziita snapshoti, kwa sababu hizo hubadilika bila pengo.

Angalia nafasi kati ya swichi, ukiwa umevaa viatu utakavyovaa jukwaani. Angalia mwanga wake gizani, na pia skrini yake juani, maana sherehe za mchana za bustanini zimekuwa nyingi na skrini nyingine hazisomeki kabisa saa nane mchana. Na hakikisha kuna swichi ya kugongea mwendo wa dilei. Wapiga dramu wetu hawapigi na saa masikioni. Wimbo huanza na mapigo 110 kwa dakika na kumaliza na 125, na huo ndio uhai wake. Hesabu yenyewe ni kugawanya 60,000 kwa mapigo ya dakika moja: kwa mapigo 120, pigo moja ni milisekunde 500, na nusu yake ni 250. Ila jukwaani huhesabu, unagonga kwa mguu mara mbili na dilei inakufuata.

Watu huniuliza sana kuhusu kuchelewa kwa sauti ndani ya mashine za kidijitali. Wanasoma kwamba mashine inakata sauti vipande 44,100 au 48,000 kwa sekunde, inapiga hesabu, inairudisha, na wanaogopa. Kwa mashine moja, kuchelewa huko ni milisekunde chache. Sauti hewani husafiri karibu mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo aliyesimama mita tatu kutoka kwenye amplifaya yake halisi anaisikia baada ya karibu milisekunde tisa, na hakuna aliyewahi kulalamika. Jambo hili lisikunyime usingizi.

Umeme ndio unaostahili hofu hiyo. Mashine nyingi za kukanyaga zinakula voti 9 za mkondo mnyoofu, hasi ikiwa katikati ya plagi, lakini kiasi cha mkondo kinatofautiana sana. Ndogo zinaridhika na miliampea 500 au chini ya hapo. HX Stomp ya Line 6 inataka adapta ya ampea 3, na ukiipa pungufu inaweza kuzima katikati ya wimbo. Adapta za mitaani huandikwa chochote. Nyingine ncha zake ni kinyume, nyingine hazitoi hata nusu ya zinachodai. Adapta ya asili ni sehemu ya bei ya mashine, na muuzaji akikuambia haipo, punguza fedha au ondoka. Tahadhari zaidi kwa vitu vilivyotumika Japani, ambavyo huletwa kwetu kwa wingi na kwa hali nzuri: umeme wa kule ni voti 100, wa kwetu 230. Mashine yenyewe ikiwa ya voti 9 haina shida, lakini adapta yake ya Kijapani, kama imeandikwa voti 100 pekee, ukiichomeka ukutani hapa itaungua.

Nimepiga kwenye viwanja ambako jenereta lilikuwa linapanda na kushuka, na nimepiga ambako umeme umekatika na watu wakaendelea kuimba wakisubiri. Kwa maisha hayo, betri si kitu cha kudharau. Boss GT-1 na Zoom G1 Four zote mbili hufanya kazi kwa betri nne za AA, zile zinazouzwa kila duka la mtaa, na faida ya pili ya betri ni kwamba ule mngurumo wa hezi 50 unaotoka kwenye umeme wenye kasoro ya ardhi unatulia. Anayetumia umeme wa ukutani na mashine isiyo na tundu la XLR anunue DI boksi, kile kisanduku cha kupeleka sauti kwa fundi kwa waya wa XLR, yenye swichi ya kukata waya wa ardhi. Helix na Quad Cortex zina matundu ya XLR yanayokwenda moja kwa moja kwa fundi. Mashine ndogo nyingi hazina, na waya mrefu wa kawaida kutoka jukwaani hadi kwenye mikisa huokota kila kelele ya njiani.

Kuhusu hizi mashine mpya za kunasa amplifaya, nina jambo ninalolitamani kwa dhati. Kemper ndiyo iliyozoesha watu wazo hili, Neural DSP wakaliendeleza, na leo kuna programu ya bure ya Steven Atkinson inayoitwa Neural Amp Modeler, ambayo mtu mwenye kompyuta na kifaa cha kurekodia anaweza kuitumia nyumbani. Unapitisha ishara maalumu kwenye amplifaya, mashine inajifunza tabia yake, inaihifadhi. Bado zipo amplifaya za bendi zetu za zamani, stoo na majumbani kwa wazee, zilizopiga nyimbo ambazo taifa zima linazijua. Kila moja imechakaa kwa namna yake, na uchakavu huo ni sehemu ya sauti. Kijana mwenye kompyuta angeweza kuzinasa kabla hazijauzwa chuma chakavu. Ajue tu mpaka wa kazi hiyo: kunasa huchukua rangi na ukali wa amplifaya kwa mpangilio mmoja wa vitufe. Korasi na mwangwi havinaswi, kwa kuwa vinabadilika na muda. JC-120 utainasa ikiwa kavu, na korasi utaiongeza baadaye.

Ukifika dukani, nenda na gitaa lako na waya wako. Omba uchomekwe kwenye spika ya kawaida yenye nguvu yake, ile wanayowauzia waimbaji, badala ya amplifaya ya gitaa ya muuzaji. Futa preseti yote, anza na tupu, ujenge sauti safi: kompresa kidogo, amplifaya, kabati, korasi, dilei. Ukihangaika kwa muda mrefu bila kufika, mashine hiyo itakuhangaisha na jukwaani. Ukishafika, punguza kitufe cha sauti kwenye gitaa lenyewe hadi nusu. Amplifaya iliyoigwa vizuri inalainika na kubaki na uhai, mbaya inafifia na kuwa butu. Kisha piga nukta moja juu kwenye shingo ya gitaa na isikilize ikifa. Kwenye mkia wa nukta ndiko mashine dhaifu zinakojulikana, kwani sauti hukatika au hutetemeka mwishoni badala ya kuzama taratibu.

Hivi karibuni mpiga gitaa wa kwaya moja ya Morogoro alinijia akiwa amechangiwa fedha na waumini. Alikuwa ameamua kununua mashine kubwa, ya kumaliza akiba yote. "Shikamoo mzee," akaanza, na kabla hajakaa akawa ameshanionyesha picha yake kwenye simu. Nikamuuliza kanisani kwao waya wa gitaa unaishia wapi. Mikisa ndogo, spika mbili, akasema, na yeye mwenyewe hajisikii anapopiga, huwa anakisia. Nilimshauri achukue Zoom G1X Four, ile yenye kanyagio la sauti ubavuni, na fedha iliyobaki anunue DI boksi, waya mzuri, na spika ya monita ya kuweka miguuni mwake. Alisita, kwa sababu wachangiaji walitarajia kuona kitu kikubwa. Nikamwambia awaalike siku ya mazoezi wasikilize wenyewe.

Bendi yetu nayo iko kwenye uamuzi kama huo. Wapiga gitaa wenzangu wawili wanataka kuacha amplifaya zilizobaki na kuingia kwenye mashine moja kwa moja, na nimekubaliana nao kwa sharti moja: monita za jukwaani zinunuliwe kwanza, nne, zenye nguvu ya kutosha kushindana na dramu. Amplifaya ilikuwa ikimpigia mwenyewe, inampigia aliye pembeni yake, na inawapigia watu. Ukiiondoa, mambo mawili ya kwanza hayana wa kuyafanya, na mpiga ridhimu asiyelisikia solo hawezi kulipisha. Mweka hazina ameomba bei za monita, na fundi mitambo amepewa kazi ya kuzijaribu zote kwa gitaa la kati kwanza.